Gari linamisi? Hamisha koili kwanza

Mashine ya kupimia hitilafu ikisoma kodi P0302, silinda namba 2 ndiyo inayomisi (mafuta yake hayaungui sawasawa). Usikimbilie duka la spea. Injini ikipoa, chomoa koili ya namba 2, ile inayopeleka umeme kwenye plagi (bolti moja, spana namba 10, klipu ya soketi huwa imekauka, ibonyeze taratibu isikatike), badilishana na ya namba 3, futa kodi ya hitilafu kwa mashine, zunguka kidogo mtaani. Ikija P0303, koili ndiyo mbovu: nunua hiyo moja. Ikibaki P0302, jaribu plagi hivyohivyo, kisha nozeli ya mafuta. Kwenye P0300 ujanja huu haufui dafu, maana hapo silinda zinamisi ovyo, wala kwenye gari la distributa (koili moja hugawia plagi zote). Taa ya injini ikiwakawaka, paki: petroli isiyoungua inaua katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi), na bei yake si ya koili.