Gari mpya? Paka waksi mapema
Wenye gari mpya kabisa msisubiri rangi ianze kufifia ndo mkumbuke waksi. Rangi ya kiwandani inakaushwa kwenye oveni kwa hiyo gari inakuja ikiwa imeshakomaa, unaweza kupaka hata wiki hiyo hiyo, ile habari ya kusubiri mwezi au zaidi ni ya gari iliyopulizwa upya gereji. Kinacholindwa hapo ni klia, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, na ni nyembamba mno, kinyesi cha ndege kikikaa juani juu ya boneti kinaila mpaka inabaki alama ambayo huitoi kwa kuosha.

Mi napendelea silanti, yaani kinga ya rangi ya kemikali inayopakwa kama waksi. Waksi ya kanauba, ile ya asili inayotokana na mmea, inang'aa vizuri sana ila wiki kadhaa tu imeisha, silanti inaenda miezi. Ukitaka vyote anza na silanti halafu waksi juu yake, ukigeuza silanti haishiki.

Osha, kausha, kisha vaa mfuko laini wa nailoni mkononi upitishe vidole taratibu juu ya rangi, ukisikia vipunje vipunje ujue kuna uchafu umeng'ang'ania, utoe kwanza kwa klei, ule udongo laini maalumu wa kusafishia rangi, na maji yake ya kutelezesha. Paka kivulini bodi ikiwa ya baridi, kidogo sana, sehemu moja moja, ikishafanya ukungu futa na maikrofaiba safi. Plastiki nyeusi za bampa ziruke, waksi ikikaukia pale inaacha weupe unaosumbua kutoka. Na kitambaa kikidondoka chini usikirudishe kwenye rangi jamani, chukua kingine, punje moja tu ya mchanga inachora.