Unapanda ndege kutoka Mtwara? Soma haya kabla hujalipa nauli

Nawaandikia watu wa Mtwara na Lindi, na nyie mnaokuja kwetu kwa mambo ya gesi, korosho, miradi na misiba. Ndege ni nzuri, inakutoa huku inakushusha Dar ndani ya saa moja na kidogo wakati basi linakula siku nzima kwenye kilomita zaidi ya 550, sina ugomvi nayo hata kidogo. Ila ujue sisi tunategemea ndege inayotoka Dar, inatua, inashusha, inapakia, inageuza. Hakuna ndege ya akiba imelala Mtwara inakusubiri. Ile moja ikipata hitilafu Dar, au ikichelewa huko ilikoanzia kabla ya kuja kwetu, wewe na begi lako mnabaki pale kiwanjani mnaangalia mawingu.

Haya, tuanze.

Kitambulisho. Jina la kwenye tiketi lifanane na la kwenye NIDA au pasipoti, hilo sina maelezo.

Namba ya simu hakikisha iliyoandikwa kwenye bukingi ni ya kwako wewe unayesafiri. Mawakala wengi wanaweka namba zao, kwa hiyo meseji ya mabadiliko ya ratiba inaingia kwa wakala, wakala yuko msibani Newala, wewe unafika uwanjani na bajaji saa nne unaambiwa ndege ilisogezwa mbele tangu jana jioni. Mwambie aandike namba yako mbele ya macho yako, na namba ya tiketi ipige picha.

Uliza ni ndege gani. Wengi wanadhani hili ni swali la wataalamu, hapana. Q400 za ATCL, yaani Air Tanzania, zina viti 76, ATR 72 inabeba kama 70 hivi, ATR 42 ni viti 48. Sasa piga hesabu mwenyewe, tiketi zimeuzwa kwa ndege kubwa halafu asubuhi inaonekana ina tatizo, inaletwa ndogo, kuna watu watabaki na hapo mjadala haupo. Anayebaki mara nyingi ni yule aliyefika kaunta dakika za mwisho, kwa hiyo wahi, kama kuna tsheki-in ya mtandaoni ifanye usiku. Mizigo nayo ni hivyo hivyo, ndege ndogo ikijaa begi lako linaweza kuja kesho, dawa na vyeti visikae kwenye begi la chini kamwe. Kwenye msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapopamba moto, ndo uwe makini mara mbili, maana wanunuzi na watu wa benki na wa vyama wote wanapanda ndege hizo hizo, ukikosa ya leo ya kesho nayo imejaa.

Kuhusu ndege za kukodi naona maneno mengi sana mtaani na mengi yamechanganywa. Kukodi ndege si dalili ya kufilisika, mashirika makubwa duniani yanakodi kila siku. Hata ndege za ATCL zenyewe zilinunuliwa na serikali zikawekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, yaani TGFA, shirika likawa linazikodi tu. Tofauti iko kwenye aina ya ukodishaji. Kuna kukodi ndege tupu, shirika linaweka marubani wake, mafundi wake, rangi zake, hapo wewe abiria hata hutajua. Halafu kuna kukodi ndege pamoja na marubani, wahudumu, matengenezo na bima ya mwenye ndege, hii inafanyika haraka shirika likiwa limepungukiwa. Utaijua ukiiona, haina rangi za shirika lako, wahudumu wageni, na usajili wake ubavuni mara nyingi hauanzi na 5H ambayo ndo ya Tanzania, unakuta 5Y ya Kenya au ZS ya Afrika Kusini. Ukiona hivyo usikimbie. Uliza kaunta nani anairusha, ana wajibu wa kukujibu na wewe una haki ya kujua, na ushike hili moja: aliyekuuzia tiketi bado ndo unayemdai, asikwambie nenda kamtafute mwenye ndege.

Kinachonipa wasiwasi mimi kwenye kukodi ni pale mkataba unapokuwa mbaya. Mwaka 2007 ATCL ilikodi Airbus A320 kutoka kampuni ya Wallis Trading ya Liberia, ndege ikafanya kazi muda mfupi ikaenda matengenezo, deni likabaki linaiandama nchi miaka na miaka. Hela ya namna hiyo ndo ingenunua spea, ndo ingeweka ndege ya akiba, na sisi wa pembeni ndo wa kwanza kukatwa ratiba hela ikipungua.

Na injini. Novemba 2022 ATCL ilitangaza kusimamisha baadhi ya Airbus A220 kwa sababu ya matatizo ya injini za Pratt & Whitney. Halikuwa tatizo la Tanzania peke yake, airBaltic ya Latvia iliteseka na injini hizo hizo mpaka ikawa inakodi ndege za wengine, na EgyptAir iliamua kuziuza A220 zake zote 12. Utasema mimi napanda Q400 kwenda Dar, A220 inanihusu nini. Inakuhusu sana, maana ndege kubwa zikikaa chini zile zilizobaki zinavutwa kuziba mapengo, inatolewa huku inapelekwa kule, kuchelewa kwa Mwanza kunakuja kuwa kuchelewa kwa Mtwara. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya mwaka wa fedha 2022/23 ilionyesha ATCL imepata hasara ya Sh56.64 bilioni. Kwa hiyo ukisikia kwenye habari kwamba ndege kadhaa ziko matengenezo, wewe mwenye safari wiki ijayo anza kujipanga siku hiyo hiyo.

Ila tafadhali, ndege ikisemwa ina hitilafu usianze kumfokea yule binti wa kaunta kwamba kwa nini hairuki. Mwache fundi afanye kazi. Tangu ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ilipoingia Ziwa Victoria na watu 19 kati ya 43 wakafariki, kila mtu anasema anaogopa, halafu watu hao hao ndege ikicheleweshwa kwa ukaguzi wanapiga makelele. Cha kudai ni taarifa ya mapema, chakula na pa kulala kama ni kesho.

Kwa mnaofanya kazi kwenye miradi ya wafadhili, Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lake Desemba 2024, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Haikuzuii wewe kupanda ndege ya Mtwara, lakini bima za safari na sera za ofisi nyingine zinaangalia orodha hiyo, kwa hiyo muulize bosi na watu wa bima kabla, sio baada ya kuumia.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikae niandike. Tiketi mbili zilizonunuliwa tofauti.

Kuna mama jirani yetu hapa Magomeni ya Mtwara, mjane, ana shamba la mikorosho upande wa Nanyamba. Kijana wake alipata chuo India, ndugu wakachanga, tiketi ya kutoka Dar usiku ikanunuliwa ya bei ya chini, zile zisizorudishwa hela. Kisha wakala akawakatia ya Mtwara–Dar pembeni, siku hiyo hiyo ya mchana, kwa shirika lingine. Kwenye karatasi ilikaa vizuri kabisa, unatua saa tisa, unaondoka usiku, muda tele, hata sisi majirani tuliona sawa.

Siku yenyewe tumeenda kumsindikiza, mama kavaa kitenge kipya, wajomba wametoka Nanyamba na pikapu. Saa ya kwanza wakasema imechelewa kidogo. Baadaye wakasema ina hitilafu, wanatafuta nyingine. Alasiri ikaja ndege ndogo ya kukodi, nyeupe haina hata jina, wakaanza kuita majina na kijana hakuitwa. Tulimwomba mhudumu, tukamwonyesha tiketi ya India, tukamwonyesha barua ya chuo yenye tarehe ya mwisho ya kuripoti. Yule dada alikuwa na huruma, nilimwona, lakini alisema neno ambalo sijalisahau, kwamba mama, kwenye mfumo wangu huyu mtoto safari yake inaishia Dar. Na kweli. Tiketi mbili ni mikataba miwili, shirika la kwanza halijui kama wewe una safari ya mbele na shirika la pili halijali kwa nini hukutokea. Ndege ya India iliondoka usiku ule kijana akiwa kwenye gari ya kukodi hajafika hata Kibiti. Shirika la hapa lilirudisha nauli ya Mtwara–Dar tu, lile la kimataifa likasema hukutokea, tiketi imekufa.

Ilikuwa Septemba, korosho bado ziko mtini, hela hakuna kwa mtu yeyote huku kwetu. Mama yule aliuza mavuno yake kangomba, yaani yakiwa bado mtini na nje ya minada, kwa bei ya kutupa, akapata tiketi nyingine. Msimu ulipofunguliwa wenzake wanapeleka ghalani yeye anaokotea watu kwa kibarua. Nilimkuta kwenye shamba lake mwenyewe anaokota korosho za mtu mwingine, na kila ndege inapopita juu nakumbuka hilo.

Kwa hiyo nasema kwa herufi kubwa, SAFARI YA NJE IKATWE TIKETI MOJA toka Mtwara mpaka mwisho. Muulize wakala, je, ni bukingi moja? Begi linaandikwa mpaka mwisho wa safari? Nikikosa ndege ya pili kwa kucheleweshwa na ya kwanza nani ananipandisha nyingine? Akianza kusema usijali, ondoka hapo. Tiketi ikiwa moja, hata kile kipande cha Mtwara–Dar kinahesabika ni sehemu ya safari ya kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 ambao Tanzania imo, na madai yako yanakuwa na miguu. Kama haiwezekani, na mara nyingine kweli haiwezekani kwa sababu mashirika hayana makubaliano, basi nenda Dar siku moja kabla, mbili ikiwa ni mitihani, visa au matibabu. Kalale kwa ndugu Mbagala. Na kumbuka pale JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, ndege za ndani zinatumia jengo la pili na za nje jengo la tatu, kuna kuhama hapo na mizigo yako.

Wagonjwa vile vile. Miadi ya Muhimbili au Ocean Road isiwe asubuhi ya siku unayotua. Na mgonjwa wa kulala au wa oksijeni shirika liambiwe mapema kwa barua ya daktari, halafu uthibitishe tena jana yake, maana ndege ikibadilishwa nafasi yake inaweza isiwepo kwenye hiyo nyingine.

Njia ya barabara iwe kichwani mwako lakini usiitegemee kama msahafu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilikatika kule Kilwa upande wa Somanga, mabasi yakakwama pande zote mbili. Kipindi cha masika uliza kwanza hali ya njia kwa watu wa mabasi kabla hujaiacha ndege iliyochelewa. Watu wa Lindi nyie mna zaidi ya kilomita 100 mpaka kiwanjani kwetu, piga simu kwanza ndo utoke, na dereva asiondoke mpaka umeiona ndege imetua.

Ushahidi tunza. Meseji za kuchelewa, bodingi pasi, risiti ya gesti, risiti ya chakula, picha ya ubao. Kwa safari za kimataifa begi lililoharibika linalalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa, usikae nyumbani unanung'unika. Lalamika kwanza kwa shirika, likikaa kimya peleka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ina baraza lake la watumiaji wa usafiri wa anga.

Mengine mnayajua, simu iwe na chaji, maji, hela ya gesti ikae pembeni isiguswe, mtoto mbebee chakula chake, wazee wasisafiri peke yao siku ambayo ratiba imeshabadilishwa mara moja maana itabadilishwa tena, na yule anayekupokea Dar mwambie asubiri simu yako ukiwa umeshakaa kwenye kiti ndani ya ndege.