Jinsi ya Kuandaa Ziara ya Watoto Wadogo katika Kijiji cha Makumbusho

Mtoto wa miaka minne hajifunzi kwa kusomewa kibao kilichobandikwa ukutani, wala kwa kupitishwa haraka chumba hadi chumba huku akikatazwa kugusa. Hujifunza kwa mikono, kwa pua, kwa masikio na kwa kuuliza swali lile lile mara nyingi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa elimu ya awali, pamoja na waongozaji wa makumbusho wanaowapokea watoto hao, na unachukua mfano wa Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam. Kijiji hicho, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, kina nyumba za asili za jamii mbalimbali za Tanzania zilizojengwa kwa ukubwa wake halisi, na kwa maoni yangu hakuna mahali panapofaa zaidi kumfundisha mtoto mazingira na utamaduni kwa pamoja, kwa sababu kila nyumba imejengwa kwa kile ambacho ardhi ya wajenzi wake iliwapatia.

Kabla ya jambo lolote, mwalimu aende mwenyewe bila watoto. Atembee taratibu, aingie ndani ya nyumba, aone mahali penye kivuli, vyoo vilipo na maji ya kunawa mikono, kisha azungumze na mwongozaji atakayewapokea na kumweleza umri wa watoto. Mazungumzo hayo ni ya lazima, kwani mwongozaji aliyezoea wanafunzi wa sekondari au watalii ataandaa maelezo marefu ambayo watoto wa chekechea hawatayafuata. Aulize pia ni vitu gani vinavyoruhusiwa kuguswa, maana vitu vya mkusanyo wa makumbusho hulindwa, lakini mara nyingi hupatikana vingine vya kufundishia, kama vile kinu na mchi, ungo, kibuyu, mkeka na mbuzi ya kukunia nazi. Kama havipo, mwalimu anaweza kuvikusanya kutoka kwa wazazi na kuja navyo.

Chagua nyumba mbili tu. Najua walimu wengi huona kwamba, baada ya kulipa nauli na kiingilio, ni hasara kuacha kitu bila kukiona, lakini mtoto aliyeoneshwa nyumba kumi hurudi nyumbani akikumbuka uchovu. Nyumba mbili zinazotofautiana waziwazi zinatosha kwa saa moja na nusu, na chaguo ninalolipendekeza ni tembe ya Wagogo na msonge wa Wahaya. Tembe ni nyumba ndefu ya pembe nne, ya kimo kifupi, yenye kuta za miti na udongo na paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Msonge ni wa mviringo, umeezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi. Dodoma, nyumbani kwa Wagogo, hupata mvua chache kwa mwaka, na miezi mingi hupita bila tone. Bukoba, nyumbani kwa Wahaya kando ya Ziwa Victoria, hupata mvua inayozidi ile ya Dodoma mara tatu. Paa la udongo lililolala bapa hustahimili mahali pakavu, lakini mvua ya Bukoba ingelilowesha na kulibomoa; huko nyasi zilizoinamishwa hutiririsha maji hadi chini.

Mtoto mdogo hahitaji kuambiwa maelezo hayo, anahitaji kuyagundua. Chukua sinia mbili, moja ijengwe kijipaa cha bapa cha udongo na nyingine kijipaa cha nyasi kilichochongoka, kisha uwape watoto kopo lenye matundu wamwagilie maji kwa zamu. Waache watazame udongo unavyolainika na maji yanavyoteleza juu ya nyasi. Hapo ndipo mwongozaji aulize: ungekuwa unaishi mahali penye mvua nyingi, ungejenga ipi? Asiharakishe kutoa jibu, hata kama kimya kitadumu. Baada ya hapo waingie ndani ya nyumba halisi, wakae chini, wafumbe macho kwa muda mfupi na kueleza wanachosikia na kunusa. Wengi watasema ndani kuna ubaridi kuliko nje, na swali la sababu yake litakuja lenyewe.

Jambo moja ninaliomba kwa mkazo. Lugha ya mwongozaji isizigeuze jamii hizi kuwa watu waliopita, wala isionyeshe kwamba nyumba ya udongo ni alama ya ujinga au umaskini. Katika darasa moja la Dar es Salaam huwamo watoto ambao bibi na babu zao wanaishi katika nyumba za udongo hadi leo, na mtoto akisikia wenzake wakiicheka nyumba ya bibi yake, ziara hiyo imemdhuru. Semeni ujuzi uliomo: nani alijua udongo upi haupasuki, nyasi zipi hudumu, miti ipi haishambuliwi na mchwa. Vilevile mtoto asilazimishwe kutaja kabila lake mbele ya wenzake. Akitaka kusema mwenyewe, asikilizwe.

Kuhusu mpangilio wa siku, fikeni asubuhi mapema kabla ya joto kupanda, na epukeni miezi ya masika, yaani Machi hadi Mei, kwa kuwa shughuli zote hufanyika nje. Mtu mzima mmoja asimamie watoto wasiozidi watano, kila mtoto awe na chupa ya maji, na barua za ruhusa za wazazi zikusanywe mapema zikiwa na maelezo ya mzio au ugonjwa wowote.

Makumbusho ya Taifa yaliyopo Mtaa wa Shaaban Robert yatafutiwe siku nyingine. Matayarisho yake yanaweza kuanzia shuleni kwa nyayo za kale za Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, zilizogunduliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, ambazo ziliachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Mimina mchanga uliolowa uwanjani, watoto wapite peku, kisha wajaribu kutambua nani alikuwa mrefu, nani alikimbia na nani alisimama. Idadi ya miaka haina maana kwao. Inatosha waelewe kwamba ardhi inaweza kutunza alama ya mguu.

Baada ya ziara, acha watoto wajenge nyumba ndogo kwa udongo, fito na majani yaliyopo kuzunguka shule yao, bila kuiga yale waliyoyaona. Tenga pia meza moja darasani ambapo kila mtoto ataleta kitu cha nyumbani kisichovunjika, pamoja na maelezo aliyopewa na mzazi, bibi au babu kuhusu kilivyotengenezwa. Maswali yote yaliyoulizwa na watoto siku ile yaandikwe kama yalivyotamkwa na kupelekwa kwa mwongozaji, ili ayatumie kuliandalia kundi litakalofuata.