Samaki wa baharini na matumbawe kwa tangi la nyumbani: namna ya kununua bila kuumiza mwamba

Kabla hujauliza bei ya tangi na taa na skima (chombo cha kutoa uchafu kwenye maji), jiulize kwanza hao samaki wenyewe watatoka wapi. Manake wengi wanadhani samaki wa maji chumvi madukani wamezalishwa kama vile gupi na goldifishi, na sivyo kabisa. Wa maji baridi karibu wote ni wa kufugwa, lakini wa baharini wengi wao wametolewa kwenye mwamba wakiwa hai, mtu akashuka chini akawashika. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2003 ilikadiria samaki milioni 20 hadi 24 kwa mwaka, na vipande vya matumbawe milioni 11 hadi 12, wote wakienda kwenye matangi ya watu duniani.

Sasa mimi sisemi uache. Msimamo wangu ni huu: samaki aliyezalishwa kwenye tangi ndiye chaguo la kwanza, na kama hapatikani, basi samaki wa mwituni aliyenaswa na mpiga mbizi mwenye leseni, kwa wavu, polepole, huyo pia ni sawa na tena ana faida yake. Hapa pwani ya Kenya, kuanzia Shimoni mpaka Kilifi, kuna vijana wanaishi kwa kazi hii, na mtu ambaye riziki yake inategemea samaki wadogo walio hai kwenye mwamba ana sababu ya kuulinda huo mwamba usipitishiwe juya wala kulipuliwa na baruti. Shida ni pale mnunuzi hataki kujua lolote, anataka bei ya chini tu, hapo ndo mambo yanaharibika huko nyuma.

Kwa hivyo swali la kwanza dukani: huyu samaki ni wa kuzalishwa ama wa baharini? La pili: ametoka nchi gani? La tatu: amenaswa na nini? Muuzaji mzuri anajua, ama atampigia simu aliyemletea. Akikuambia tu "wa nje huyo, mzuri sana", jua hajui na hajali, ondoka.

Kwa nini swali la nchi na njia ni muhimu hivyo? Kwa sababu ya sumu ya sianaidi. Kule Ufilipino imetumika tangu miaka ya 1960, na baadaye Indonesia, vidonge vinayeyushwa kwenye chupa ya kubonyeza, mpiga mbizi anapuliza kwenye tundu la mwamba, samaki analewa, anaokotwa kwa mkono. Wengine wanafia palepale, na tumbawe lililopuliziwa linapauka na kufa, yaani nyumba nzima inakwenda ili kutoa samaki mmoja. Anayeponea anaweza kuonekana mzima kabisa dukani, rangi zinang'aa, halafu anakufa kwako wiki kadhaa baadaye ukidhani ni maji yako. Sheria za huko zinakataza lakini bado inafanyika, na kwa macho huwezi kumtambua samaki wa sianaidi, ndo maana nasisitiza kuuliza. Kinachosaidia ni kumwomba muuzaji amweke samaki kando wiki moja ama mbili ukiwa umelipa kidogo, na umwone akila kwa macho yako mwenyewe kabla hujamchukua.

Uvuvi wa heshima unakuwa hivi: wavu mwembamba unatandazwa kando ya mwamba kama ukuta, mpiga mbizi anawaswaga samaki taratibu kuuelekea, halafu anachota mmoja mmoja kwa wavu wa mkono, havunji tumbawe. Akitoka kina kirefu anapanda naye polepole, kwa sababu samaki ana kibofu cha hewa na akivutwa juu haraka kinafura. Dukani ukiona samaki anaelea kichwa chini mkia juu, ama tumbo limevimba upande, huyo alipandishwa vibaya. Usimnunue kwa kumhurumia, manake ukimlipia tu unaagiza mwingine wa namna hiyohiyo.

Haya, wanunuliwe akina nani? Anza na klaunfishi wa kuzalishwa. Hawa wanazalishwa miaka mingi sasa, wamezoea chakula cha kavu tangu wadogo, na hawahitaji anemoni, yule mnyama laini wa mikono mingi wanayejificha ndani yake, kuishi vizuri, hilo la anemoni watu wanalazimisha bure. Anemoni wa baharini anaweza kuishi miongo mingi pale alipo, kumng'oa halafu afe kwenye tangi changa la miezi miwili ni hasara kubwa mno, na ukimwona mweupe pe ama wa njano kali dukani usifurahie rangi, mweupe amepoteza mwani unaomlisha na wa njano mara nyingi ametiwa rangi.

Wa pili ni Banggai, yule samaki kadinali wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi, na huyu naomba tukae kwake kidogo. Kwao ni visiwa vya Banggai huko Sulawesi, Indonesia, eneo dogo tu. Baba ndiye anayelea, anabeba mayai mdomoni, yakianguliwa anaendelea kuwabeba watoto, karibu mwezi mzima hali kitu, halafu anawaachia wakiwa samaki kamili wadogo. Uzuri huo ndo udhaifu wake, kwa sababu watoto wake hawabebwi na mkondo kwenda mbali kama wa samaki wengine, wanabaki palepale walipozaliwa, ukivua eneo moja ukalimaliza hakuna wengine wa kuja kujaza. Mwaka 2007 aliwekwa kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, kama aliye hatarini kutoweka. Na wakati huohuo ni miongoni mwa samaki rahisi zaidi kuzalisha nyumbani! Kwa hiyo kumnunua wa mwituni hakuna sababu yoyote, tafuta wa kuzalishwa, ama tafuta mfugaji mwenzio mwenye jozi.

Kangaja nao mambo yamebadilika. Yule wa njano wa Hawaii alifanikiwa kuzalishwa 2015, na wa buluu, yule ambaye kila mtoto anamtaka, akazalishwa Florida 2016. Bei yao huenda ikawa juu, nakubali, lakini wanafika wakiwa wanakula. Angalia tu ukubwa, wa buluu anafika sentimita 30, tangi la lita mia mbili si lake hata kama leo ni mdogo kama kidole.

Wa kuwaacha baharini: vitatange wengi ambao chakula chao ni matumbawe yenyewe, dukani wanapendeza, nyumbani wanakufa njaa huku wanakuangalia. Farasi-bahari wa mwituni vilevile, wapo wa kuzalishwa. Na kale kasamaki kembamba kenye mstari mweusi kanakosafisha wenzake, kwetu kanavuliwa sana kwa biashara hii, tafadhali kaache. Kwenye mwamba samaki wakubwa wanajipanga wakisubiri huduma yake, chewa anafungua mdomo kanaingia ndani kanatoa wadudu. Lizard Island, Australia, watafiti waliwaondoa kwenye baadhi ya miamba kwa zaidi ya miaka 8, na samaki wengine wakapungua idadi na aina. Kwenye tangi lako na samaki watano hakana wadudu wa kutosha, kananyauka. Ukitaka msafishaji chukua gobi wa neoni, samaki mwingine mdogo anayesafisha wenzake, wa kuzalishwa.

Matumbawe sasa. Hapa geuza kipande uangalie chini, usiangalie rangi ya juu peke yake. La kupandwa limekaa kwenye kidude cha seramiki ama kijiti cha saruji, na ukitazama kingo utaona nyama ya tumbawe imeshaanza kutambaa juu ya kile kidude, maana yake limekaa hapo miezi. La kuvunjwa baharini lina kitako cheupe kilichochanika, mara kuna sponji, mara ganda la chaza limeng'ang'ania, mara tundu la minyoo. Jiwe zima la ukubwa wa ngumi bila kidude chochote, hilo uulize sana. Ujanja upo pia, kuna wanaovunja tumbawe la baharini na kulibandika gundi kwenye seramiki siku mbili kabla ya kuuza, ndo maana nasema angalia kama limetambaa, si kama limebandikwa.

Kwa anayeanza, matumbawe laini yanatosha kabisa, zoanti, zenia, uyoga wa baharini, yanakua haraka na wafugaji wanagawana vipande bure ama kwa bei ndogo. Hicho ndo chanzo safi kuliko vyote, tumbawe lililotoka tangi la jirani.

Kama uko Dubai, Muscat, Uingereza ama Marekani, kuna kitu kingine cha kukusaidia. Matumbawe yote ya mawe, kombe wakubwa wa Tridakna na farasi-bahari wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, hawavuki mpaka bila kibali halali, na kwenye kibali kuna herufi ya chanzo: W ni wa mwituni, C ni wa kuzalishwa, F amezaliwa kwenye ufugaji, R amechukuliwa mdogo akakuzwa. Muuzaji anayeagiza mwenyewe anazo hizo karatasi, mwombe uone herufi. Na ukitoka likizo pwani usibebe tumbawe kwenye begi, hata lililokufa ufukweni, ni kosa hilohilo.

Wale wa huku nyumbani wanaotaka kujishikia wenyewe, Malindi na Watamu ni hifadhi tangu 1968, Kisite pia ni hifadhi, humo hakitolewi kitu. Nje ya hapo unahitaji leseni ya idara ya uvuvi, na kwa samaki wawili watatu ni heri umlipe mwenye leseni, umwambie aina na ukubwa, asubiri mpaka ampate, badala ya kununua alichokuwa nacho.

La mwisho, ukichoka na samaki ama akikuzidi tangi usimrudishe baharini, hasa kama hujui alikotoka. Layonfishi, yule samaki wa mistari mwenye miiba ya sumu, kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, akaonekana Florida 1985, inaaminika ni wa matangi ya watu, leo amejaa Karibiani nzima anakula watoto wa samaki wa kule. Na hata akiwa ni wa kwetu anaweza kurudi na ugonjwa wa tangini. Mrudishe dukani, wengi wanapokea, ama mpe mfugaji mwingine pamoja na maelezo ya alikotoka na anachokula ili naye asianze kubahatisha.