Injini ikigoma kukutana na gia boksi
Mnaoshusha injini ya Hiace wenyewe nyumbani: wakati wa kurudisha, ikibaki nafasi ya kidole kati ya injini na gia boksi, msiivute kwa bolti. Masikio ya gia boksi (sehemu zinazopitisha bolti) hupasuka hapo, na ni alumini, kuchomelea ni kazi. Weka gia, vuta hendibreki ili shafti ya gia boksi, ile inayoingia kwenye klachi pleti, itulie, kisha mwenzako azungushe puli ya mbele ya injini taratibu kwa spana huku wewe ukisukuma. Meno ya shafti na ya klachi pleti yakikutana, inaingia yenyewe. Bado inagoma? Basi klachi pleti haikukaa katikati. Legeza presha pleti (inayoibana klachi pleti), uipange klachi pleti upya kwa shafti chakavu ya gia boksi (gereji nyingi zinayo, azima tu). Gia boksi ibaki juu ya jeki muda wote, isining'inie kwenye klachi pleti ikaipinda.