Kuchora mtandao wa maji wa Lamu kwenye kompyuta: anzia kisimani

Maji ya mji wa Lamu hutoka kwenye visima vilivyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Ukitaka kuuchora mtandao huu kwenye kompyuta, nakusihi uanzie huko Shela. Wengi huanza na mabomba ya mjini, kisima wakakiweka mwishoni kama alama tu.

Mimi hutumia EPANET, programu ya kukokotoa mtiririko na presha ya maji kwenye mabomba. Inatolewa bure na shirika la Marekani la kulinda mazingira, na kompyuta yoyote ya kawaida inaimudu. Tatizo ni kwamba chanzo chake cha maji hakikauki. Ukikifanya kisima kuwa chanzo cha namna hiyo, pampu itavuta usiku na mchana, kila nyumba itapata maji, nawe utaamini. Shela haiko hivyo. Maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari: kwa kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari, zipo kama mita 40 chini yake. Ukivuta hadi ile ya juu ishuke nusu mita, chumvi nayo huelekea kupanda kama mita 20. Kisima kikishaingia chumvi, hakiponi upesi.

Kwa hiyo kila kisima nakifanya nodi (nukta ya mtandao ambako maji hutoka au kuingia) yenye mahitaji hasi, yaani inaingiza kiasi kile kile kinachoruhusiwa kuvutwa kwa saa, bila kuzidi. Maji hayo yaingie kwenye tangi, na tangi ndilo liulishe mji. Pampu utaiweka baadaye, unapopiga hesabu ya umeme.

Miinuko ipimwe kwa mikono. Ramani za setilaiti hukosea mita kadhaa, na katika mji wa mapaa yaliyobanana zinaweza kukupa urefu wa paa badala ya kichochoro. Mita 10 za maji ni karibu bar 1, basi ona kosa hilo linavyokula presha. Ukwaruzo wa bomba, kwa kipimo cha Hazen-Williams ambacho namba kubwa ni bomba laini zaidi, weka 150 kwa plastiki jipya. La chuma kuukuu, 100 au chini zaidi.

Sasa nyumba. Penye mgao watu hawatumii maji kidogo kidogo. Yakija, kila mtu anajaza tangi na mapipa kwa pamoja, na wa mwisho wa bomba wanasubiri. Toleo la 2.2 la EPANET, la mwaka 2020, linaweza kukokotoa matumizi kufuatana na presha. Washa ukokotoaji huo, la sivyo utaona presha hasi huku modeli ikidai kila mtu kahudumiwa.

Funga geji ya presha kwenye bomba la nyumba ya mbali kabisa, saa za mgao na usiku wa manane, ulinganishe na modeli. Kisha iendeshe saa 72. Kama kila asubuhi tangi liko chini kuliko jana yake, usiongeze pampu wala kipenyo cha bomba. Tafuta mivujo kwanza, halafu uhesabu mapaa yanayoweza kuvuna mvua.