Mnazi wa kugema, uupande uani kwako

Kuanzia Tongoni mpaka Kigombe, huku pwani ya Tanga, kila mwenye kiwanja anapanda mnazi kwa ajili ya nazi na madafu tu. Mimi nimelelewa na wagema, na nasema hivi: ukiwa na nafasi ya minazi mitatu, mmoja utenge wa tembo, yaani pombe ya mnazi. Tembo la mti wako unajua limeteremshwa saa ngapi, na unajua hakuna mkono uliolitia maji.

Chagua mnazi mfupi. Ule mrefu wa asili ya pwani yetu unastahimili kiangazi, lakini utaungoja miaka 6 hadi 8, kisha uukwee asubuhi na jioni. Mfupi ukitunzwa huanza kutoa makarara, yaani maganda yanayofunika mashada ya maua, mwaka wa 3 au wa 4, na kwa muda mrefu utaufikia kwa ngazi. Ila usiunyime maji jua likiwaka.

Mbegu iwe nazi iliyokomaa mtini, ukiitikisa usikie maji. Ilaze ubavu kitaluni, ifukie theluthi mbili, mwagilia. Inayochelewa sana kuota kuliko wenzake itupe. Mche ukifika miezi 6 hadi 9, uhamishe masika yanapoanza. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, tandika makumbi chini yashike unyevu, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza. Mti na mti viachane mita 7 na nusu.

Adui mkubwa ni chonga, yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe. Huzaliana kwenye lundo la samadi na magogo ya minazi iliyokufa, kisha huruka na kutoboa kilele. Kuti changa likifunguka limekatwa umbo la V, ujue ameshaingia. Mchokonoe kwa waya wenye ndoano. Gogo bovu lisilale uani hata kidogo, lichome.

Sasa kugema kwenyewe, na hapa ndipo pa kutulia. Tafuta karara lililonenepa lakini halijapasuka. Likishapasuka, liache lizae nazi. Lile ambalo halijapasuka lifunge kwa kamba imara kutoka chini mpaka karibu na ncha, lisipate nafasi ya kufunguka. Kisha lipige kwa kijiti kizito kidogo, pande zote, taratibu, kama unavyobisha hodi kwa jirani usiku. Ukipiga kwa hasira, maua ya ndani yanapondeka na karara linaoza. Fanya hivyo kila siku huku ukiliinamisha polepole, usilivunje. Baada ya siku chache kata ncha kwa kotama, kisu kikali cha mgema. Panga halifai, linachana badala ya kukata.

Utomvu hautoki siku hiyo hiyo. Endelea kupunguza kila asubuhi na jioni, kipande chembamba cha milimita 2 hivi, mpaka uone matone. Hapo funga kibuyu au dumu dogo, na mdomo uzibe kwa kitambaa, maana nyuki hawatakuacha. Anayekata vipande vinene karara lake linakwisha upesi. La mgema mwenye subira hudondosha mwezi na zaidi. Mnazi huleta karara jipya karibu kila mwezi, basi usigeme yote, mengine yaachie nazi.

Utomvu una sukari asilimia 12 hadi 15, na chachu hujileta yenyewe kutoka hewani na kwenye chombo. Kwa hiyo tembo la asubuhi ni tamu, la jioni limeshachangamka, la kesho yake ni kali na linaelekea uchachu. Ukilitaka tamu, osha chombo kwa maji yanayochemka kila unapokiteremsha, na ulinywe mapema. Usilitie kamwe kwenye chupa ya kioo ukakaza kifuniko: gesi itaipasua, na vipande vya kioo havichagui mtoto wala mkubwa. Kuuza ni jambo jingine, kunataka leseni.

Lililobaki lisimwagwe. Likiwa bado changa, umulia unga wa vitumbua au mkate wa kumimina. Hamira ya dukani haitoi harufu ile. Lililokwisha kuwa kali litie kwenye mtungi wa udongo au wa kioo, ufunike kwa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa, uweke kivulini wiki kadhaa. Pua ndiyo itakayokuambia limekuwa siki. Lichuje, na hapo sasa chupa unaweza kuifunga.